Nafasi ya Fremu

"Hivi mtu anaweza kuibiwa kitu, na kitu chenyewe kikabaki pale pale kilipo?"

Jirani yake Sajini aliwahi kumuuliza swali hilo wakianika nguo kwenye kamba yao ya pamoja. Alikuwa anazungumzia ndoo yake. Kila asubuhi aliikuta nyuma ya mlango, mahali alipoiacha, ila imelowa.

"Anaweza," Sajini alimjibu. "Wewe usiilinde ndoo. Tembea tu, uangalie sakafu ya nani inang'aa."

Jirani alicheka mpaka kibanio kikamponyoka. Siku ya tatu alirudi kusema amempata, na alikuwa wifi yake.

Alhamisi hii Sajini alitoka kituoni saa tatu asubuhi akiwa na bahasha moja na saa tano za kufanyia kazi. Kwenye benchi la nje alikuwepo mke wa dereva, amekaa hapo tangu alfajiri, kanga imefungwa kifuani kama mtu aliyejiandaa kwa safari.

"Mama," alisema, "saa nane hakimu anaamua. Wakimpeleka gereza kubwa nitampata wapi tena?"

"Umekula?"

"Nitakula nini mie."

"Kula. Saa nane utahitaji miguu."

Dereva alikuwa mahabusu siku ya kumi. Katoni za dawa za hospitali zilikuwa zimetoweka ghalani Jumapili, siku mbili kabla hajakamatwa, ghala likiwa limefungwa, na ushahidi uliomfunga ulikuwa mmoja: picha ya kamera ya lango la nyuma. Ndani ya picha hiyo lori lake limesimama langoni, namba zake zinasomeka, na pembeni kumeandikwa saa tisa alasiri. Meneja wa ghala ndiye aliyeileta. Mashine ya kuhifadhi picha za kamera, alisema, iliungua kesho yake kwa hitilafu ya umeme. Dereva alisema Jumapili alikuwa amelala kwake na lori lake liko uani. Mkewe alisema hivyo hivyo. Mke akimtetea mume, mahakamani hakuna anayeandika.

Kitu kimoja kilikuwa kimemkalisha Sajini macho. Fundi wa kompyuta wa kituo alipolifungua faili la picha, alikuta maandishi yaliyojificha ndani yake, yale ambayo programu ya kuhariri picha huyaacha yenyewe. Jina la programu. Leseni ya biashara. Jina la studio moja ya picha mjini. Jina la kompyuta iliyotumika: Meza ya Pili. Muda: Jumanne ya wiki iliyopita, saa sita na dakika kumi mchana.

Meneja alipoulizwa, hakubabaika. "Ilikuwa na giza, ikapelekwa studio ikang'arishwa. Kung'arisha ni kosa?"

Si kosa. Ndiyo maana Sajini hakwenda studio kwanza. Alikwenda makao makuu ya kampuni yenye ghala, kwenye ofisi ndogo ghorofa ya pili, ambako kila picha ya kampuni hupitia.

Karani wa ofisi hiyo alikuwa mtu mwembamba, kalamu tatu mfukoni, na zote za rangi moja.

"Picha ya lango la nyuma," Sajini alisema. "Ilifika kwako lini?"

"Ya kwanza au ya pili?"

Sajini alivuta kiti akakaa. "Anza na ya kwanza."

"Ilifika Jumatatu jioni, kwa barua pepe, kutoka kwa meneja. Nikairudisha."

"Kwa nini?"

"Leseni." Karani alifungua droo akatoa karatasi iliyokunjika pembe. "Mwaka juzi tulichapa kalenda ya kampuni. Kumbe aliyeitengeneza alitumia programu ya nyumbani, ile ya bure, ambayo mkataba wake unakataza kazi ya biashara. Wenye programu wakatuandikia kwa wakili. Mkurugenzi alinifokea mbele ya wafagiaji. Tangu siku hiyo, picha yoyote ikiingia hapa, kabla sijaitazama ni ya nini, nafungua maandishi ya ndani. Ikiwa ya leseni ya nyumbani, inarudi. Ikiwa maandishi yamefutwa, inarudi vile vile."

"Hata kama ni ushahidi wa polisi?"

"Fomu haina sehemu ya polisi."

"Ukamwandikia nini?"

Karani alisoma kwa sauti ya msomaji wa matangazo ya msiba. "'Picha yako imehaririwa kwa leseni ya matumizi ya nyumbani. Tafadhali wasilisha iliyohaririwa kwa leseni ya biashara.' Jumanne mchana akaleta ya pili. Safi kabisa. Nikaipitisha."

"Ulizilinganisha?"

"Mama, mimi nilikuwa naangalia leseni. Sikuwa naangalia picha."

"Ya kwanza unayo?"

"Mimi sifuti kitu. Walinifokea mara moja, inatosha."

Alizifungua mbili kwenye kioo, moja kulia, moja kushoto. Sajini alivaa miwani. Lango lile lile, ukuta ule ule wa matofali, nguzo ile ile ya umeme. Lori lile lile. Alinyoosha kidole bila kugusa kioo.

"Nguzo. Kivuli chake kinakwenda wapi?"

"Kulia."

"Na lori, hapa kwenye ya kwanza?"

Karani alikodoa. "Kushoto."

"Na kwenye ya pili?"

"Kulia." Aliondoa mkono kwenye kipanya kama kimemuunguza. "Ya kwanza kushoto, ya pili kulia. Mungu wangu. Na nikaipiga muhuri."

"Jua limegeuka kati ya Jumatatu na Jumanne," Sajini alisema. "Kung'arisha hakugeuzi kivuli. Hii ya kwanza, leseni ya nyumbani ni ya nani?"

"Haiandiki jina. Inaandika namba ya simu aliyojiandikishia."

Sajini alitoa daftari lake akarudi kurasa nne nyuma, kwenye maelezo aliyoyachukua kwa meneja. Namba ya kazini. Namba ya nyumbani, 'ya mke wangu, ukinikosa'. Aliliweka daftari chini ya kioo, namba juu ya namba. Hazikupishana hata tarakimu.

"Nichapie zote mbili, na maandishi yake ya ndani," alisema. "Na hiyo fomu uliyomwandikia."

Basi meneja alikuwa amelipachika lori mwenyewe, nyumbani kwake, vibaya. Lakini mahakamani ilikuwa imefika picha ya pili, na ya pili ilikuwa imetengenezwa na mtu mwenye mkono wa ufundi. Meneja angesema ameletewa hivyo na studio. Bila mtu huyo, saa nane ingemkuta Sajini mikono mitupu.

Saa tano kasoro robo Sajini alisukuma mlango wa studio.

Chumba kilikuwa kirefu na chembamba. Mbele kaunta, nyuma ya kaunta kompyuta moja yenye kikaratasi MEZA YA KWANZA, na nyuma zaidi pazia zito la kijani. Ukutani, toka dari mpaka kiunoni, picha: maharusi, watoto wa ubatizo, wahitimu, wazee waliokalishwa kwenye viti wasivyovizoea. Mlango ulikuwa huo mmoja tu.

Mwanamke aliyekuwa kaunta alikuwa anakata mbao za fremu kwa msumeno mdogo. Alikuwa na umri wa Sajini au zaidi kidogo, mikono ya kazi, kitambaa cheupe kichwani. Mji mzima ulimwita Mama Fremu, maana alianza kwa kuuza fremu chini ya kibaraza kabla hajamiliki kamera.

"Karibu mama. Pasipoti au familia?"

Sajini alionyesha kitambulisho. Msumeno ulisimama katikati ya ubao.

"Karibu ukae basi," Mama Fremu alisema.

"Nitasimama. Studio hii ina leseni ngapi za programu ya picha?"

"Moja. Ya biashara, halali, na karatasi yake ninayo. Zamani tulitumia ya nyumbani kama wenzetu wote, mpaka tukaonywa. Nikasema heri moja ya kweli kuliko mbili za kujificha."

"Na kompyuta mbili."

"Mbili. Mimi hapa, na fundi wangu kule nyuma ya pazia."

"Leseni moja mnaigawanaje?"

Mama Fremu alielekeza kwa kidevu. Juu ya bega lake la kulia, kwenye msumari mmoja, kulikuwa na uzi mwekundu bila kitu. "Hapo hukaa kifuniko cha lenzi ya kamera yangu ya kwanza. Anayekivaa shingoni ndiye anayefungua programu. Maana ukifungua kwenye mashine ya pili, ya kwanza inazimika na kazi yote inakwenda. Tulishampoteza bibi harusi mzima namna hiyo, pamoja na mashemeji zake."

"Na uzi huu hauna kitu."

"Anacho fundi. Ana uzi wake. Huo ni wangu."

"Akitoka nje?"

"Anafunga programu, anakuja kukitundika msumarini. Hata akienda msalani. Miaka hiyo yote hajawahi kusahau."

Sajini alipima kwa macho. Mtu asingeweza kukifikia kile kifuniko msumarini bila kupitisha mkono juu ya kichwa cha Mama Fremu.

Aliiweka picha ya pili juu ya kaunta. "Hii imetengenezwa hapa. Jumanne, saa sita na dakika kumi mchana."

Mama Fremu aliitazama bila kuigusa. "Watu wanaleta picha nyingi za kung'arishwa."

"Imetengenezwa Meza ya Pili."

"Meza ya pili si yangu," Mama Fremu alisema polepole. Akachukua kitambaa akaanza kufuta unga wa mbao uliokwisha kufutwa. "Sipendi kumsema mtu, mama. Kaka yule tumekaa naye miaka kumi na tisa. Lakini meza ya pili si yangu."

"Jumanne saa sita wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Mimi natoka kwenda wapi?"

Sajini aliandika jibu hilo, akapiga mstari chini yake, akavuta pazia.

Nyuma palikuwa na joto la mashine. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe fupi alikuwa ameinama kwenye kioo, kifuniko cheusi kikining'inia kifuani kwa uzi mwekundu, akiondoa chunusi moja moja kwenye uso wa mhitimu. Pembeni yake, juu ya rafu, palikuwa na chombo cha chakula cha ngazi tatu kilichofungwa kwa leso.

"Wewe ndiye wanayemwita Mzee Kivuli?"

"Jina la utani, afande. Alilonipa mama yangu limeshasahaulika." Hakugeuka mpaka alipomaliza chunusi. "Wanasema sijawahi kuacha kivuli kibaya. Uongo. Niliacha kimoja nikiwa kijana."

Sajini alimpa picha. Mzee aliinyanyua kwenye mwanga wa taa, akaiinamisha, akairudisha wima. Alichukua muda mrefu kuliko mtu mwenye hatia anavyoweza kustahimili, au sawasawa na mtu mwenye hatia aliye hodari.

"Lori limepachikwa," alisema.

"Umejuaje?"

"Matairi hayana vumbi na ardhi ina vumbi. Lakini kivuli," akatikisa kichwa, "kivuli ni kizuri. Kinafifia kinapokwenda, kama cha kweli. Wengi wanakipiga cheusi toka mwanzo mpaka mwisho, kama zulia."

"Ni chako?"

"Ningekuwa nimekifanya mimi ningekubali. Kazi nzuri mtu haiikani."

"Hata ikimfunga mtu asiye na kosa? Leo saa nane?"

Picha ilishuka magotini. "Nani?"

"Dereva wa hilo lori. Na faili linasema imefanyika kwenye meza hii uliyoegemea. Jumanne, saa sita na dakika kumi."

Mzee aliitazama meza, kisha kifuniko kifuani mwake. "Saa sita sipo hapa. Mke wangu amevunjika nyonga, yuko wodini wiki ya tatu. Chakula cha hospitali kinamshinda. Saa sita kamili natundika kifuniko, nachukua hicho chombo, nakwenda kumlisha. Saa saba narudi."

"Kila siku?"

"Anakula kila siku."

Sajini alitoka na simu mpaka kwenye kizingiti cha barabarani, akapiga wodini. Muuguzi wa zamu alimwambia asubiri, akasikika anafunua daftari la wageni, akarudi. Jumanne. Saa sita na dakika saba. Jina, sahihi, na pembeni, muuguzi alisoma akicheka, mgonjwa alikuwa amemtuma mumewe arudi kesho na chumvi.

"Yule mzee mwenye chombo cha ngazi tatu?" muuguzi aliongeza. "Sisi saa tunazirekebisha kwa kumtazama yeye."

Sajini alifunga simu. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika ishirini. Mama Fremu alikuwa hajaushika msumeno tena.

Kivuli kilikuwa cha fundi. Fundi alikuwa wodini. Kifuniko kilikuwa msumarini. Sajini alirudi nyuma ya pazia.

"Mzee, mjini hapa nani mwingine anaweza kukitengeneza kivuli hiki?"

Mzee Kivuli alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. Aliifuta upande mmoja tu, tena na tena.

"Mimi nilifundishwa, afande."

"Na nani?"

Macho bila miwani hayana adabu. Yalikwenda yenyewe kwenye pazia, upande wa kaunta.

"Nichapie picha hii kutoka kwenye faili," Sajini alisema, akimpa flashi kutoka kwenye bahasha. "Nzima. Usiikate popote."

Mashine ya kuchapa ilinguruma. Karatasi ilitoka ikiwa ya moto, na Sajini akaipeleka kwenye taa. Sasa ilikuwa kubwa, na ukuta wa matofali ulisomeka tofali kwa tofali. Karibu na ukingo wa kushoto palikuwa na tofali lenye ufa wa umbo la mguu wa kuku. Kidole kimoja kushoto kwake, ukingoni kabisa, palikuwa na tofali jingine lenye ufa wa mguu wa kuku. Akaangalia kulia. Mche mdogo wa nyasi langoni, na kidole kimoja mbele, mche ule ule tena. Juu, wingu lilirudiwa. Chini, jiwe.

"Picha ya kamera imeongezwa pande zote nne," alisema. "Kidole kimoja kila upande. Kwa nini mtu aiongeze picha ya ushahidi?"

"Kawaulize wanaotengeneza fremu," Mzee Kivuli alisema.

Sajini alisimama mbele ya ukuta wa picha kwa muda wa dakika mbili nzima. Mama Fremu alimtazama mgongoni. Kulikuwa na picha mpya na za zamani. Kwenye hizo mpya, gauni la bibi harusi lilikatwa na mbao za fremu, vidole vya mhitimu vikazama. Kwenye za zamani hakuna kilichokatwa. Kila mtu alikaa ndani ya fremu yake kama yai ndani ya ganda. Katikati, kwenye fremu ya kuchongwa iliyo kubwa kuliko zote, palikuwa na harusi moja. Ilikuwa ya miaka ya karibuni, lakini haikukatwa popote. Bibi harusi alikuwa na paji la uso la Mama Fremu. Bwana harusi alikuwa na suti ya kijivu, tabasamu la pembeni, na kovu dogo kwenye nyusi.

Sajini alikuwa amelitazama kovu hilo mezani kwake mara tatu wiki hii.

"Picha hii nani aliihariri?"

"Mimi mwenyewe," Mama Fremu alisema. "Ni binti yangu. Wa pekee."

"Na huyu ni mkweo. Meneja wa ghala."

"Ndiye."

"Hukunitajia."

"Hukuniuliza nina mkwe gani."

"Kweli. Nipe fremu tupu ya ukubwa wa karatasi hii."

Mama Fremu hakusogea. Mzee Kivuli alikuwa ametoka, amesimama kando ya pazia. Ndiye aliyeinama chini ya kaunta akatoa fremu, akaifuta kwa kiganja, akampa.

Sajini aliweka kwanza picha ya mhitimu, ile ya chunusi, ambayo mzee alikwisha kuichapa. Akashusha fremu juu yake. Mbao zilimeza sikio la mhitimu na nusu ya kofia.

"Hii ni kazi ya meza ya pili," alisema.

Akaiondoa. Akaweka picha ya lango la nyuma, akashusha fremu. Mbao zilifunika tofali la bandia kushoto, mche wa bandia kulia, wingu la bandia juu, jiwe la bandia chini. Ndani ya fremu picha ya kamera ilibaki kamili, ukingo kwa ukingo, haikupungua hata unywele.

Nje mtu alipita akipiga filimbi, akaenda zake.

"Siku hizi watu wanaweka picha kwenye simu," Sajini alisema. "Hakuna anayeiachia fremu nafasi yake. Labda mtu aliyeanza kwa fremu. Mtu huyo hata akipewa picha ambayo haitatundikwa ukutani maisha yake yote, mkono wake utamwongezea kidole kimoja. Hatakuwa amefikiri. Ni kama kupiga bismillahi au ishara ya msalaba kabla ya kula."

Mama Fremu aliketi kwenye kigoda chake. Aliweka mikono yote miwili juu ya kaunta, akaitazama kama mikono ya jirani.

"Alikuja Jumanne," alisema. "Saa sita, kaka alipotoka tu. Alipiga magoti hapo uliposimama. Mkwe wangu, mama, amepiga magoti mbele yangu. Akasema dereva ndiye mwizi, ila kamera haikumwona. Picha yake imerudishwa kwa sababu ya leseni. Alitaka tu niipitishe kwenye yangu. Niifungue, niifunge, basi."

"Na ulifungua."

"Nikaona kile kivuli." Alifumba macho. "Nguzo huku, lori kule. Nisingeweza kuiachia itoke na leseni yangu ikiwa vile. Nikakigeuza."

"Ukajua kwamba lori limepachikwa."

"Nilijua."

"Ukajua kuna mtu atafungwa."

"Binti yangu ana mimba ya miezi minane. Nilijua hilo kwanza. Hayo mengine nikayaweka nyuma."

Sajini aliandika yote, neno kwa neno, kisha akamgeuzia daftari na kalamu. Mama Fremu alitia sahihi kwa herufi kubwa za kujifunza, akiinyoosha mistari.

"Swali moja limebaki," Sajini alisema. "Kifuniko kilikuwa hapo juu ya bega lako. Kompyuta yako iko hapo mbele yako, programu ile ile, leseni ile ile. Kwa nini ulikwenda kuifanyia meza ya pili?"

"Mashine yake ina nguvu."

"Zilinunuliwa siku moja, dada," Mzee Kivuli alisema. "Nilizibeba mimi."

"Hii yangu kioo kinaonekana mlangoni. Wateja wanaingia."

"Saa sita tunafunga mlango."

Sajini alifunga daftari.

"Mama," Sajini alisema, "ulijua kwamba faili linaandika jina la meza?"

Mama Fremu alikitazama kikaratasi kwenye kompyuta yake, kilichoandikwa kwa zile zile herufi kubwa, mistari imenyooshwa.

"Hayo majina niliyaweka mimi," alisema.

Sajini alifungua simu. Kwanza alimpigia mwenzake aliyekuwa kwenye geti la ghala tangu asubuhi: meneja asitoke ofisini. Kisha mwendesha mashtaka. Alizungumza kwa kifupi, akitaja picha mbili, vivuli viwili, fomu moja ya karani na maelezo yaliyotiwa sahihi. Sauti ya upande wa pili ikasema picha iondolewe kwenye jalada, na Sajini alete karatasi kabla ya saa saba na nusu, maana bila picha hiyo hana la kumwambia hakimu. Mwisho alipiga kituoni. "Nenda kwenye benchi la nje," alisema. "Mwambie yule mama mumewe analala kwake leo. Na muulize kama amekula."

Alipofunga simu, Mama Fremu alikuwa amemgeukia fundi wake.

"Kaka, wasingekufunga wewe," alisema. "Kila mtu anakujua. Nilisema moyoni, huyu wakimuuliza watamwachia tu. Huna kosa, ungejitetea. Mimi ningejitetea kwa lipi? Kaka."

Mzee Kivuli alirudi nyuma ya pazia. Ilisikika programu ikifungwa, kile kimlio kifupi inachokitoa, kisha kompyuta ikizimwa. Alirudi amebeba chombo cha ngazi tatu kwa leso yake. Alivua uzi mwekundu shingoni, akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Mama Fremu kama alivyofanya kila siku kwa miaka mingi, akakitundika kifuniko kwenye msumari. Kikayumba, kikatulia.

"Kaka," Mama Fremu alisema, "saa saba utarudi?"

Ilikuwa saa sita kamili. Mzee alisukuma mlango kwa bega, akakinga chombo kisimwagike, akatoka.